Kanda 11 za Marehemu Baba: Deki Kwanza, DVD Baadaye

Swali: Shikamoo fundi. Baba yetu alifariki mwaka jana, akatuachia kanda za video 11 ndani ya sanduku, nyumbani Tanga. Tisa ni zile kubwa za VHS na mbili ni ndogo za kamera. Ya zamani kuliko zote imeandikwa 1987, ni harusi yake na mama. Mama ana hamu ya kumwona tena bibi yetu akicheza siku ile. Kuna kijana wa mtaani kasema nimpelekee zote asubuhi, jioni nichukue DVD. Nimpe? Au ninunue kile kifaa cha kuchomeka kwenye kompyuta nifanye mwenyewe? Na hizo DVD zinadumu?

Jibu: Marahaba mwanangu, na poleni sana kwa msiba wa mzee.

Nianze na hilo la asubuhi mpaka jioni, maana ndilo lililonitia wasiwasi. Kompyuta hainakili kanda kama inavyonakili picha kutoka kwenye flashi. Inakaa inaitazama ikicheza, dakika kwa dakika, kama ambavyo wewe na mama mngekaa sebuleni. Angalia mgongoni mwa kanda zako. Nyingi zilizouzwa kwetu zimeandikwa E-180, yaani dakika 180 kwa mwendo wa kawaida. Kanda tisa za namna hiyo zikiwa zimejaa ni saa 27. Mwenye deki moja akikuahidi jioni, ama atazikata njiani, ama ana njia ambayo mimi sijaiona katika miaka yote niliyoshika kazi hii. Usimpe, walau si kwa masharti hayo.

Pili, barua yako nzima inaulizia DVD. Naomba uiweke DVD pembeni kwa muda. Kazi hii inafanikiwa au inaharibika pale utepe unapopita kwenye deki kwa mara ya kwanza baada ya kulala miaka mingi. Kanda nyingine hukubali kucheza vizuri mara moja tu. Mara hiyo moja ikipita kwenye deki chafu, au kompyuta ikiwa imepangwa vibaya, hutaipata tena hata ukinunua DVD ya dhahabu.

Nikueleze kinachotokea mle ndani ili ujue unachokilinda. Ndani ya kaseti mna utepe wa plastiki wenye upana wa milimita 12.7 na urefu wa kama mita 250, umepakwa unga wa sumaku ulioshikiliwa na gundi. Ukitumbukiza kaseti, deki inauvuta utepe nje na kuuzungushia ngoma ya chuma inayong'aa, iliyoinama kidogo upande mmoja. Ngoma hiyo huzunguka mara 1,500 kwa dakika. Kwenye ukingo wake kuna vichwa vidogo, mafundi tunaviita hedi, vinavyosoma mistari iliyochorwa mshazari juu ya utepe, kila mstari mwembamba kuliko unywele. Mzunguko mmoja ni picha moja kamili, picha 25 kwa sekunde. Punje ya vumbi ikikaa mbele ya hedi, wewe kwenye televisheni unaona chenga. Ile gundi nayo inazeeka: inafyonza unyevu, inalainika, na unga unaanza kubanduka kidogo kidogo na kubaki kwenye hedi. Na wewe uko Tanga, upepo wa bahari mchana na usiku, sanduku limekaa miaka zaidi ya 30.

Kwa hiyo adui yako wa kwanza ni ukungu. Kabla hujaingiza kanda yoyote kwenye deki yoyote, chukua tochi. Mulika kwenye kidirisha cha kaseti, uangalie roli la utepe kwa ubavu. Linatakiwa liwe jeusi, laini, lenye kung'aa. Kisha bonyeza kile kitufe kidogo cha ubavuni, unyanyue kifuniko cha mbele, utazame utepe wenyewe. Ukiona utando mweupe, kama mtu kanyunyizia unga wa muhogo, au nyuzi kama za buibui pembeni mwa roli, kanda hiyo iweke kando peke yake. Usiijaribu "kidogo tu".

Nasema hivi kwa uchungu. Zamani nikiwa na kibanda Kariakoo, niliingiza kanda ya mteja iliyoota ukungu bila kuimulika. Ilicheza kwa chenga, nikaitoa, nikaingiza ya mteja mwingine, kanda safi kabisa ya arobaini ya mtoto wake. Uchafu uliobaki kwenye ngoma ukaunasa utepe, ukajisokota, deki ikaula. Kama dakika mbili zilikunjamana, hazikurudi. Mama yule hakunigombeza. Aliuliza tu kama sauti ya marehemu mumewe akimwadhinia mtoto itasikika. Haikusikika. Tangu siku hiyo tochi haitoki mezani kwangu.

Kanda yenye ukungu usiianike juani. Najua ndivyo tunavyofanya na godoro na nguo, lakini jua la mchana hupinda kaseti na kuukunja utepe. Itie kwenye chombo cha plastiki chenye mfuniko pamoja na vile vipakiti vya kufyonza unyevu vinavyokuja ndani ya viatu vipya, vingi, uiache wiki mbili tatu mpaka ukungu ukauke. Ukungu mkavu huwa unga, na unga unaweza kufutwa. Kazi ya kuufuta mwachie fundi mwenye uzoefu: anaifungua kaseti, anaupitisha utepe taratibu kwenye kitambaa kisichotoa nyuzi, nje penye hewa, akiwa amevaa barakoa na glavu, maana vumbi lake ni baya kwa mapafu. Kama kaseti yenyewe imepasuka, hilo ni dogo. Ina skrubu tano tu, na roli zote mbili huhamia kwenye kaseti nyingine nzima bila shida. Na utepe uliokatika huungwa kwa utepe maalumu wa kuungia, upande wa mgongo. Selotepu ya dukani hapana, gundi yake huvuja na kuganda kwenye hedi.

Jambo jingine la kufanya leo hii, kabla hujalala: mgongoni mwa kila kaseti kubwa ya VHS, upande mmoja, kuna kipande kidogo cha plastiki. Kivunje kwa bisibisi. Bila kipande hicho deki haiwezi kurekodi juu ya kanda hata mtu akibonyeza kitufe chekundu kwa bahati mbaya. Ukikuta tayari kuna tundu lakini mtu kalibandika selotepu, ing'oe. Wengi tuliziba matundu hayo ili turekodi mpira au taarifa ya habari juu ya sherehe zetu wenyewe. Kilichofutwa kwa kurekodiwa juu yake hakuna fundi wa kukirudisha.

Sasa deki. Hapa ndipo penye kazi. Kampuni ya mwisho inayojulikana kutengeneza deki za VHS, Funai ya Japani, iliacha Julai 2016. Kwa hiyo kila deki utakayoipata ni kuukuu, na mpira wake wa kusukumia utepe huenda umekauka. Ulizia kwa ndugu kabla ya kwenda dukani. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni mpaka 1994, wakati Zanzibar walikuwa nacho tangu miaka ya 1970, hivyo huku Bara nyumba nyingi zilinunua televisheni kwa ajili ya deki tu, na deki hizo bado zipo juu ya makabati chini ya kitambaa cha kufuma. Iliyoletwa kutoka Dubai au Maskati ina faida ya ziada: nyingi zinasoma mifumo yote ya picha za televisheni. Sisi, Uingereza na Omani tulitumia PAL. Marekani walitumia NTSC. Kama kati ya kanda zako kuna iliyotumwa na ndugu aliyeko Marekani, deki ya PAL pekee itakuonyesha picha inayopanda na kushuka, au isiyo na rangi, nawe utadhani kanda imekufa. Haijafa.

Deki ukishaipata, usianze na harusi. Ijaribu kwanza kwa kanda ya filamu usiyoijali: icheze nusu saa, ipeleke mbele, irudishe nyuma, itoe, uangalie kama utepe una mikunjo kingoni. Ikiwa picha ina chenga, hedi ni chafu. Kuna kaseti za kusafishia, lakini mimi naziamini kidogo, nyingine zinakwaruza. Nachomoa waya wa umeme, nafungua mfuniko, nachukua kipande cha karatasi nyeupe safi, nakilowesha alkoholi ya isopropili ya asilimia 99, nakilaza juu ya ngoma bila kukibonyeza, halafu naizungusha ngoma kwa kidole kutoka juu. Karatasi imetulia, ngoma ndiyo inayokwenda. Utaona michirizi ya kahawia kwenye karatasi. Huo ndio unga wa kanda za watu. Usisugue kwenda juu na chini hata mara moja, hedi ni kama kipande cha kucha, inavunjika. Usitumie pamba kwenye ngoma, nyuzi zake hunasa. Na usiguse upande wa deki unakoingia umeme hata kama umechomoa waya, mle hubaki chaji. Kama mkono wako si wa kazi hizi, mlipe fundi afanye hilo tu.

Kanda iliyolala miaka mingi ipeleke mbele mpaka mwisho na uirudishe mwanzo mara moja kabla ya kuicheza, ili utepe ulegee na kujipanga upya. Ikianza kucheza na kuna mistari inayokatiza picha, tafuta kitufe au gurudumu lililoandikwa Tracking, ulizungushe polepole mpaka mistari ishuke chini na kutoka. Sikiliza pia sauti. Kama deki ni ya Hi-Fi, yaani inayosoma sauti kwa hedi za kwenye ngoma, na sauti inakoroma, ihamishie kwenye mono, mara nyingi inatulia papo hapo, kwa sababu sauti ya mono imeandikwa pembeni mwa utepe, haitegemei ile ngoma.

Kifaa cha kuchomeka kwenye kompyuta, ndiyo, unaweza kununua. Vya bei rahisi vinafanya kazi, ila vina ugonjwa mmoja. Picha ya kanda kuukuu haitulii, mistari yake inafika mapema au inachelewa. Televisheni za zamani zilivumilia hilo. Kifaa cha bei rahisi hakivumilii, kinaruka picha, na baada ya saa moja mama anaona midomo inaenda huku na sauti kule. Dawa yake ni chombo cha kunyoosha mawimbi kinachokaa kati ya deki na kompyuta. Mafundi wenye studio wanacho. Nyumbani, baadhi ya mashine za kurekodia DVD husaidia kwa kiasi: unapitisha waya ndani yake bila kurekodi chochote, ukitoka upande wa pili picha imetulia.

Waya wa njano ni picha, mweupe na mwekundu ni sauti. Deki nyingi zina mweupe tu, basi sauti itatokea sikio moja, usihangaike, itarekebishwa baadaye. Kwenye programu, VirtualDub au OBS, zote za bure, hakikisha mambo matatu: mfumo ni PAL, ukubwa ni 720 kwa 576, na picha ni 25 kwa sekunde. Programu nyingi zinazokuja na kifaa huanza zikiwa zimewekwa NTSC, na hapo ndipo harusi za watu zinapogeuka nyeusi na nyeupe au kuonekana zinastukastuka. Usinyooshe picha ijaze televisheni pana. Kanda ya 1987 ni ya umbo la 4:3. Ukiipanua, bibi yako atanenepa na hakuwa hivyo.

Utaona vitu viwili vitakavyokutisha bure. Chini kabisa ya picha kutakuwa na ukanda mwembamba unaotetemeka. Ulikuwepo siku zote, televisheni za zamani ziliuficha nyuma ya fremu. Na mtu akipunga mkono, kingo za mkono zitakuwa na meno kama ya kitana, kwa sababu kila picha ya kanda hupelekwa kwa nusu mbili, mistari ya shufwa na ya witiri. Viache vyote viwili kwenye faili la asili. Kusafisha, kukata na kung'arisha kufanyike kwenye nakala, kwa sababu programu za mwakani zitasafisha vizuri kuliko za leo, lakini haziwezi kurudisha kilichokatwa.

Harusi irekodi kwa muundo usiopoteza kitu, kama HuffYUV au FFV1. Itakula gigabaiti 30 na zaidi kwa saa moja. Ni sawa, hiyo ndiyo kanda kuu. Zilizobaki, mp4 ya ubora wa juu, kama gigabaiti 4 kwa saa, inatosha. Rekodi moja kwa moja kwenye diski ya nje, ile wanayoiita eksteno, na hakikisha haijapangwa kwa FAT32, maana mpango huo haukubali faili linalozidi gigabaiti 4, na kazi itakatika katikati ya sherehe.

Zile mbili ndogo, soma maandishi yake kwanza. Zikiwa VHS-C, kuna kaseti kubwa tupu ya kuzivalisha na zinaingia kwenye deki ya kawaida. Zikiwa Video8 au Hi8, hakuna adapta ya kuziingiza kwenye deki ya VHS, atakayekuuzia hiyo anakudanganya, unahitaji kamera ya aina yake. Zikiwa MiniDV, umebahatika: hizo ni dijitali tangu zilipozaliwa. Tafuta kamera yake na waya wa FireWire, na kompyuta kuukuu yenye tundu la waya huo. Kilichomo kitahamia kama kilivyo, gigabaiti 13 kwa saa, bila kupungua hata doa. Usimruhusu mtu azirekodi kwa waya wa njano.

Ukiona yote haya ni mazito, tafuta fundi, na hata huyo kijana anaweza kuwa ndiye, akipata muda wa kutosha. Mwulize kama anazimulika kanda kabla. Mwulize anarekodi kwa PAL au la, na umwangalie usoni kama anajua unachosema. Mwambie unataka faili lenyewe kwenye diski yako, si DVD peke yake, na asiweke muziki, maua wala jina lake juu ya picha. Mpe kanda moja kwanza, isiyo harusi. Akishakurudishia, itazame yote, ndipo umpe ya pili. Wapo wanaosimamisha simu mbele ya televisheni wakairekodi hivyo. Utawagundua kwa kivuli cha dirisha kwenye picha. Na kanda zirudi zote 11 nyumbani. Usizitupe hata baada ya kumaliza.

Nimefika kwenye DVD zako. DVD ya kuchoma ina gigabaiti 4.7, inachukua saa mbili kwa ubora mzuri, kwa hiyo kanda ya E-180 inataka DVD mbili. Anayekuwekea saa sita kwenye moja anakupa sura zilizovunjikavunjika kama vigae. Ichome kwa kasi ndogo, ifungwe mwishoni (kwenye programu huandikwa Finalize) ili icheze kwenye deki za watu wengine, na usiibandike karatasi. Andika kwa kalamu laini kwenye duara la katikati. Kuhusu kudumu: data kwenye DVD hizi imechomwa kwenye rangi, na rangi hufifia kwa jua, joto na unyevu. Nimeshika zilizokufa kabla ya miaka kumi na nyingine nzima baada ya ishirini, na kwa macho zilifanana. Zipo M-DISC ambazo tabaka lake si la rangi na zinavumilia zaidi, ila zinataka kichomeo kinachoziweza, na kompyuta nyingi mpya hazina hata mahali pa kuingiza diski. Basi DVD ni ya mama, kwa sababu deki ya DVD anaijua na rimoti yake anaijua. Faili ndilo la ukoo. Liwe sehemu tatu: diski moja nyumbani Tanga, nyingine kwa ndugu wa mji mwingine, na nakala ya mp4 kwenye hifadhi ya intaneti. Kila mwaka, chagueni siku, mfungue zote mtazame kama zinacheza.

Bado kuna kazi moja ambayo hakuna fundi atakayekufanyia. Siku mtakayoitazama harusi, kaa karibu na mama na simu inayorekodi sauti. Kwenye kanda ile kuna watu ambao yeye pekee ndiye anayewajua: aliyeshika mwavuli, aliyepiga vigelegele, mtoto aliyelala kwenye mkeka. Andika dakika na jina, hivi: 0:42:10, shangazi yake baba, kanga ya rangi ya zambarau. Maandishi hayo yaweke ndani ya folda moja na video. Na bibi yako atakapoinuka kucheza, usimkatishe mama kwa maswali, acha simu irekodi.